Unguja na Maskati: Miji Miwili, Mama Mmoja

 

Sisi ni ndugu watatu wa kike, tumbo moja. Tumezaliwa na kulelewa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na sasa sote tunaishi Maskati. Wa kwanza wetu alikuja kwa ndoa, wa pili kwa kazi ya ualimu, na mziwanda akafuata kwa masomo na akabaki. Kila tunaporudi nyumbani tunaulizwa swali lile lile: "Baina ya Unguja na Maskati, wapi pazuri?" Na Maskati nako tunaulizwa hivyo hivyo na watu ambao bibi zao walizaliwa Vuga au Malindi. Siku zote tukijibu kwa mzaha. Mwaka huu imetubidi tulijibu kwa dhati, maana Mama ametimia miaka 74, yuko peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili, na ilibidi tuamue aishi wapi.

Tumekaa watatu tukaandika haya kwa pamoja. Tunajua wako wenzetu wengi wenye mzee nyumbani na maisha ng'ambo, pengine kuna la kuwafaa.

Miji yenye undugu

Miji hii miwili imejuana zamani. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na alipofariki mwaka 1856 wanawe wakatawala mmoja huku, mwengine kule, hadi dola mbili zikatenganishwa rasmi mwaka 1861. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi waliondoka visiwani. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wengi wa waliorudi walikuwa wamezaliwa kwetu.

Ndiyo maana ukiwa kwenye foleni ya hospitali Maskati unaweza kusikia nyuma yako, "Njoo hapa wewe mtoto!" ukageuka ukidhani umeitwa wewe. Mishkaki inachomwa kando ya barabara na Waarabu wenyewe wanaiita mishkak. Mandazi yapo. Halua ipo, na kila mwaka tunabishana kama inaishinda ile ya Pemba. Kofia za kushonwa kwa mkono wanazovaa wanaume wa Oman ni ndugu wa kofia za viua alizokuwa akishona Bibi yetu dirishani.

Kwa hiyo mtu wa Unguja akifika Maskati haoni ugeni siku ya kwanza. Ugeni unakuja baadaye, na unakuja kupitia kuta, njia na milango.

Rangi na kuta

Maskati ni mji mweupe. Majengo karibu yote ni meupe, ya rangi ya maziwa au ya mchanga, na hayapandi juu sana kama yale ya Dubai. Nyuma yake imesimama milima ya mawe matupu, kahawia na myeusi, isiyo na hata jani moja. Asubuhi jua likiipiga milima ile utasema subhanallah. Mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100 tu. Kwetu mwezi mmoja wa masika unaweza kupita hapo. Majani na maua yote ya kando ya barabara yamepandwa na kunyweshwa kwa mipira, na yanapendeza kweli.

Unguja haihitaji mipira. Ukiuacha ufa ukutani msimu mmoja wa mvua, utakuta mti umeota ndani yake. Rangi yetu ni kijivu cha chokaa iliyoliwa na chumvi, mabati yenye kutu, na juu ya yote khanga zilizoanikwa. Huko Maskati manispaa hairuhusu nguo kuanikwa roshani zikaonekana barabarani, na hata gari likiwa chafu mwenyewe anaweza kutozwa faini. Mziwanda wetu anasema hilo ndilo alilolipenda mwanzo: mji unaojitunza kama bibi harusi.

Lakini uzuri wa ukuta si wa macho tu. Nyumba ya kwetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa zaidi ya nusu mita, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa sababu boriti haiwi ndefu sana, vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Watoto wa dada wanavicheka, wanasema vimekaa kama mabehewa. Vichochoro navyo ni vyembamba, nyumba inaikinga nyumba ya pili na jua, na upepo wa bahari unapita katikati.

Mnakumbuka miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima haina umeme? Tabu ya maji ilikuwepo, na tabu ya samaki kuharibika. Lakini ndani ya nyumba ile tulilala. Tunafungua madirisha ya upande wa bahari, tunamwaga maji sakafuni, basi. Fleti yetu ya Maskati mwezi wa Juni, joto likiwa limevuka nyuzi 40, umeme ukikatika saa moja tu mtu hukai ndani. Ni nzuri, safi, ina maji ya moto na ya baridi, lakini haiwezi kupumua bila kiyoyozi.

Njia na milango

Maskati umejinyoosha baina ya bahari na milima, na barabara kuu yake inakwenda kilomita makumi. Kila kitu kizuri na kila kitu kiko mbali. Ukitaka mkate, gari. Ukitaka kumjulia hali shoga yako, gari. Dada alipojifunza kuendesha alisema amepata mbawa, na ni kweli. Mwanamke Maskati anaendesha gari lake mwenyewe saa nne za usiku na hakuna anayemgeuzia shingo. Hilo tusilidogoshe.

Mji Mkongwe gari haliingii ndani ya vichochoro vingi, hata ungelitaka. Unatembea. Na ukitembea unasalimia. Kutoka mlangoni kwetu hadi Darajani ni mwendo wa dakika saba, lakini Mama hajawahi kufika kwa dakika saba tangu tumjue. Kuna barza ya wazee wa bao, kuna muuza kahawa, kuna mwanamke wa urojo, kuna mtoto aliyetumwa chumvi anayesema shikamoo huku anakimbia. Kila mmoja ana lake la kuuliza.

Na milango. Kwetu mlango wa mbele hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri na hufungwa baada ya isha. Mgeni hupiga hodi kutoka chini, na Mama akiwa juu anajibu karibu kabla hajajua ni nani. Akitaka mkate wa mofa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, pesa zimo ndani, mkate unapanda. Fleti ya Maskati ina kengele, ina tundu la kuchungulia, na dirisha la sebuleni halifunguki. Hodi haipo, kwa sababu hakuna anayekuja bila ya kupiga simu kwanza.

Sauti na nyakati

Mji Mkongwe misikiti imekaribiana hata adhana hii haijaisha, nyingine imeshaanza, na kengele za Minara Miwili nazo zina saa zake. Mwaka mzima magharibi yetu haisogei sana: jua huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi hivi. Mtu mzima huijua bila ya saa, kwa kuangalia kivuli cha ukuta wa jirani.

Maskati jua lina tabia nyengine. Mwanzo wa Disemba limezama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na mwezi wa Juni linakaribia saa moja. Ramadhani ikiangukia kiangazi, saumu ya Maskati ni saa 15 na ya kwetu ni kama 13. Na wako mbele yetu kwa saa moja. Tukimpigia Mama baada ya kusali magharibi za Disemba, yeye kwanza anasubiri maji ya chai yachemke baada ya alasiri.

Mama alipokuja

Mwaka juzi tulimleta Mama Maskati. Alifika Novemba, hali ya hewa imetulia, na tulikubaliana naye kuwa ni matembezi: akipapenda akae, asipopapenda arudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Mengi aliyapenda, tuseme haki. Alipimwa presha na sukari, na daktari akamsikiliza kwa utulivu. Tulimpeleka Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao una ukumbi wa wanawake unaochukua watu 750. Mama, kama wanawake wengi wa rika lake, maisha yake yote alisali nyumbani. Alisali rakaa mbili pale, akakaa kitako muda mrefu, akasema, "Wanangu, kumbe na sisi tunatengewa mahala namna hii." Machozi yalimtoka.

Alipenda Mutrah kuliko kote. Soko lake lina vichochoro vilivyoezekwa, giza kidogo, harufu ya ubani imeshika ukutani. Nje kuna nyumba za zamani zenye roshani zimeelekea bahari, na majahazi. Mama alisimama akasema, "Hapa ni Forodhani." Bibi mmoja muuza udi alimsikia akamjibu kwa Kiswahili, cha zamani, chenye maneno aliyokuwa akiyasema Bibi yetu. Wakakamatana mikono. Ikawa kila Ijumaa jioni hatuna hiari, twende Mutrah.

Lakini Ijumaa ni siku moja. Siku nyengine sita tulikuwa tukitoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa. Mama alibaki ghorofa ya tano na televisheni. Siku moja alituambia amehesabu: tangu asubuhi waliomsalimia ni wawili, mlinzi wa jengo na mwanamke wa kwenye lifti, na yule wa lifti alitikisa kichwa tu. Aliuliza, "Mji mzuri, lakini watu wanapita wapi?" Tukamwonesha barabara. Akasema, "Hayo ni magari."

Alianika khanga zake roshani, tukamweleza habari ya manispaa, akaziingiza ndani bila ya neno. Baada ya mwezi wa pili alianza kulala mchana. Hakuuliza tena bei ya samaki. Hakutuhadithia mambo ya zamani. Kila tulilosema alijibu, "Sawa, wanangu." Wanaomjua Mama yetu wanajua kuwa yeye si mtu wa kusema sawa. Ni mtu wa kusema, "Nani kakwambia?" Hilo ndilo lililotutisha kuliko presha.

Mwisho wa Januari alirudi Unguja. Siku ya tatu tulimpigia simu, akapokea kwa haraka: "Nitakupigieni, nina watu." Tukacheka mpaka tukalia.

Tusiyafiche ya kwetu

Pengine msomaji utasema, basi mambo yameisha, Mama akae kwao. Hayakuisha. Nyumba yetu ni ya zamani na ngazi zake zimesimama kama za kupandia mnazi. Magoti ya Mama hayako kama zamani. Masika yakija maji yanaingia kwenye daka. Ukuta wa uwani umevimba kwa sababu miaka ya nyuma ulikandikwa kwa saruji, na jiwe la matumbawe linataka chokaa: saruji inafungia unyevunyevu ndani, na ukuta unaoza taratibu. Kuutengeneza kunataka kibali cha mamlaka ya hifadhi ya mji, fundi anayeijua chokaa, na pesa.

Na sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib ilivyoporomoka na kuua watu wawili. Jengo lile, lililokuwa fahari ya mji! Usiku ule kila mwenye mzee ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe alipiga simu nyumbani. Sisi tulipiga mara nne.

Kwa hiyo swali letu halikuwa la uzuri. Lilikuwa hili: Mama akianguka, nani atajua?

Na jibu tulilipata Ramadhani iliyopita. Mama aliteleza kwenye ngazi baada ya alasiri. Hakuvunjika, alhamdulillah, aliumia nyonga. Hata hajaita, muuza kahawa alisikia kishindo kupitia mlango uliokuwa wazi. Dakika chache watu wanne wako juu, mmoja anamshika, mmoja anamtafutia gari hadi barabarani, na jirani wa mbele amezima jiko lake la futari na kuja kuuzima letu. Sisi tulipata habari Mama akiwa ameshatazamwa na daktari na kurudishwa nyumbani. Tulijiuliza: angeanguka kwenye fleti yetu saa mbili asubuhi, angelala sakafuni mpaka saa tisa. Kiyoyozi kinavuma, dirisha halifunguki, na jirani hatumjui jina.

Tulivyoamua

Tulikutana Ijumaa tatu mfululizo. Tuliyazungumza yote, hata yale ya pesa ambayo ndugu huyaogopa. Tumekubaliana hivi. Mama anabaki Unguja. Chumba cha chini kilichokuwa stoo kinatengenezwa kiwe chumba chake, na choo kando yake, asipande tena ngazi. Ukuta wa uwani unabanduliwa saruji na kukandikwa chokaa. Wawili wetu tunachangia kila mwezi kutoka mishahara ya Maskati. Na wa pili wetu anarudi nyumbani skuli zikifungwa mwezi wa Juni, akakae na Mama.

Yeye ameomba tuandike na upande wake, na ni haki yake. Anaacha mshahara mzuri. Anaacha gari na barabara ya usiku. Ana miaka 38 na hajaolewa, na anajua Mji Mkongwe utakavyompokea: "Umerudi? Peke yako? Mume uko naye?" Kila kona. Maskati hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Macho yanayomlinda Mama ndiyo hayo hayo yatakayomhesabia yeye hatua zake. Mlango ulio wazi kwa muuza kahawa uko wazi pia kwa maneno ya watu. Hatuwezi kuchukua nusu moja tukaiacha nyengine.

Tulimwambia hakuna anayemlazimisha. Akasema, "Naijua bei yake, ndiyo maana nataka ninunue mwenyewe." Baadaye akaongeza kuwa anataka kufundisha watoto wa mtaani chumba cha juu, na kwamba atakayemuuliza habari ya mume atamwambia apande ngazi amsaidie kusahihisha madaftari.

Wa kwanza wetu na mziwanda tunabaki. Watoto wako skuli hapa, kazi ziko hapa, na mji huu tunaupenda, tusije tukaonekana watovu wa shukrani. Umetupa riziki, usalama na heshima. Tumeanza lakini kujifunza jambo kutoka kwa Mama. Tumeandaa sahani ya mandazi tukabisha mlango wa jirani wa ghorofa ya tano. Ni mwanamke wa Sohar, mzazi wa watoto wawili. Alistaajabu, akatukaribisha, na wiki ya pili sahani ilirudi na tende. Sasa tunamjua jina.

Kwa hiyo anayetuuliza wapi pazuri, na sisi tunamuuliza: pazuri kwa nani, na kwa umri gani? Msichana wa miaka 25 anayetaka kusimama kwa miguu yake, Maskati umemfaa sana mmoja wetu. Mzee wa miaka 74, nyumba yake ni wale wanaomsikia akianguka. Ukiwa na wazee mbali, usitazame tu kama wana kitanda kizuri na dawa. Tazama nani anapita mbele ya mlango wao, na mara ngapi kwa siku.

Tiketi imeshakatwa. Mama ameulizwa aletewe nini kutoka Maskati. Ametaka ubani wa Dhofar, tende za khalas, na salamu kwa yule bibi wa Mutrah.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe wepesi sisi tulio baina ya miji miwili. Tuombeane, wapenzi.